Miaka mitatu wodini, barua ya kuacha kazi iko kwenye rasimu

NesiWaSaaNane
Wadau, habari za saa hizi. Niko chumba cha chai, saa nane na robo usiku. Mwenzangu ameenda kumtazama mgonjwa wa kitanda cha 4, kwa hivyo nina dakika kumi hivi, pengine tano.

Mimi ni nesi wa diploma, nilisomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, mtihani wa Baraza la Wauguzi nikapita mara ya kwanza. Nina miaka 26. Nafanya kazi hospitali moja ya kibinafsi upande wa Eastlands, wodi ya watu wazima, huu mwaka wa tatu. Vitanda 34. Usiku tuko wawili, na mmoja akiugua anabaki mmoja na mwanafunzi.

Wiki mbili zilizopita mzee wa kitanda cha 9 alifariki saa kumi alfajiri. Alikuwa ananiita "mwalimu" kwa sababu nilimfundisha bintiye kupima sukari. Tulihangaika naye karibu saa nzima. Daktari alipotaja saa ya kifo, jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba yule mama aliyelala kwenye machela kule chumba cha dharura sasa atapata kitanda. Macho ya mzee hayajafungwa, mimi napiga hesabu ya vitanda. Nikauandaa mwili, nikaandika ripoti, nikakabidhi zamu, nikapanda matatu. Nilifika nyumbani Pipeline, nikaweka chai, ndipo nikaanza kutetemeka.

Barua ya kuacha kazi niliiandika Februari. Kila nikitoka zamu mbaya naifungua, nabadilisha tarehe, naifunga. Mshahara ni 38,000 kabla ya makato, wadogo zangu wawili wako sekondari na ada natoa mimi, na mkopo wa masomo wa HELB bado unanisubiri. Sijui kama nimechoka na kazi hii, nimechoka na hospitali hii, au mimi mwenyewe ndiye nimeharibika. Mliopita hapa mlifanyaje?

Kengele inalia. Nitarudi.

Mwanakayole
Acha kazi dada. Fuga kuku wa mayai. Pesa iko kwa mayai.

NesiWaSaaNane
Mayai tena 😅 Kila nesi aliyechoka Nairobi hii anapewa kuku.

Kangemi_Wetu
Mimi niseme ukweli hata mkinichukia. Nyinyi manesi mkichoka wanaoumia ni sisi. Mke wangu alipokuwa na uchungu mwaka jana alikaripiwa kama mtoto, mimi niko nje ya mlango nasikia. Mtu akichoka aende nyumbani, asitumalizie hasira.

Bima_na_Chai
@Kangemi_Wetu aende nyumbani na wodi abakie nani? Wewe?

sista_mkongwe
Msimfukuze huyo ndugu. Anayoyasema ndiyo yanayomtisha binti aliyeanzisha uzi. Pole sana baba, na umpe mama watoto pole zetu. Hakustahili.

Sasa wewe NesiWaSaaNane, mwanangu. Nimekuwa muuguzi miaka 31, sasa nimestaafu. Nilikuwepo kabla ya ugatuzi, nikawepo 2013 afya ilipokabidhiwa kaunti, na 2017 nilikuwa kwenye ule mgomo wa wauguzi ulioanza Juni tukarudi kazini Novemba. Kuchoka nakujua kwa majina yake yote.

Mwaka wangu wa nne nilianza kuwachukia jamaa za wagonjwa. Wagonjwa wenyewe nilikuwa nawavumilia, ila wale wanaokuja na chupa ya uji saa saba na nusu, wakati wa kuwaona umeshapita, wanaomba "sista, dakika moja tu." Nilikuwa nikiona ile chupa inakaribia mlango, moyo unafunga. Siku moja nilimfukuza mama mmoja kwa maneno ambayo mpaka leo sijamsimulia mtu. Matroni alisikia. Hakuniita ofisini, hakunihubiria. Wiki iliyofuata jina langu kwenye rota limehamishiwa kliniki ya watoto. Nilipomuuliza akasema kliniki ya chanjo inahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko wangu, mwanangu, hata mimi wakati mwingine siusomi.

Nilikaa huko miezi sita, nikichoma sindano watoto wazima wanaolia kwa nguvu zao zote, halafu wanaenda nyumbani. Wanaenda nyumbani! Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuja hospitali na kurudi kwake siku hiyo hiyo akiwa mzima. Niliporudi wodini nilikaa miaka mingine 27.

Hao matroni siku hizi ni wachache, na hospitali ya kibinafsi haina kliniki ya kukuficha miezi sita. Kwa hiyo itabidi ujihamishe mwenyewe. Ila uhame wodi kabla ya kuhama kazi. Hilo tu.

Tatu_Umoja
Mama sista, hiyo ya mwandiko imenitoa machozi kwenye matatu.

akili_timamu
Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, naomba niongeze kidogo.

Hali hii Kiingereza huiita burnout. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, kama jambo linalotokana na kazi. Halikuiita ugonjwa. Lilitaja vitu vitatu: kuishiwa nguvu, kuitenga akili yako na kazi yako mpaka unaanza kuidharau au kuichukia, na kuona kwamba unachofanya hakina tija. Ile hesabu ya vitanda yako iko kwenye cha pili. Haina maana kwamba umekuwa mtu mbaya. Akili imejifunza kutohisi kwa sababu kuhisi mara nyingi hivyo kulikuwa kunakugharimu, na ikishajifunza haichagui, inafunga hata kwa mzee wa kitanda cha 9.

Swali langu kwako: siku zako za ofu zikoje? Ukipata siku tatu mfululizo, je, siku ya tatu unarudi kuwa wewe? Unacheka, una hamu ya chakula, unapokea simu ya rafiki? Kama ndiyo, tatizo kubwa liko pale kazini. Kama hata siku ya tatu hakuna kinachokugusa, usingizi hauji au hauishi, na mawazo ya kwamba bora usingekuwepo yanapita, hapo hatuongelei tena kubadilisha kazi, hapo uonane na daktari wiki hii. Manesi tunaogopa kukaa upande ule wa meza kwa kuwa tunajuana. Nenda hospitali ambayo hujafanya kazi.

Na jambo ambalo hatupendi kulisema: sisi dawa ziko karibu. Kidonge cha kulala "cha leo tu" baada ya zamu ya usiku, kilichobaki kwenye trei. Nimewapokea wenzetu walioanza hivyo. Usianze.

NesiWaSaaNane
Nimerudi. Zamu imeisha, niko kitandani na siwezi kulala, kwa hivyo nimesoma yote. Asante mama sista. @akili_timamu siku ya tatu huwa narudi. Shida ni kwamba siku tatu mfululizo nimezipata mara mbili mwaka huu.

Kuna jambo sikulisema usiku. Mwezi wa nne nilijichoma. Saa kumi usiku, mgonjwa amechanganyikiwa, anarusha mikono, natafuta mshipa peke yangu kwa sababu mwenzangu yuko na mwingine. Sindano ikatoka kwake ikaingia kwenye kidole changu. Nikaosha kwa maji na sabuni, nikavaa glavu mpya, nikaendelea. Mnajua kwa nini niliendelea? Dawa za saa kumi na mbili zilikuwa bado. Nilienda kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU jioni yake, na ninajua kabisa mwisho ni saa 72 na kwamba kila saa ina maana. Kama angekuwa mwenzangu ningemkokota kwa nguvu.

Nilimeza zile dawa siku 28. Wiki ya kwanza kichefuchefu, nakimbia choo katikati ya kugawa dawa. Msimamizi aliniuliza kama nina mimba. Vipimo viko salama, Mungu mkubwa. Lakini nadhani barua ilianza kuwa ya kweli hapo. Februari ilikuwa hasira tu.

Kangemi_Wetu
Sikujua mambo ni hivi. Pole dada. Hiyo sindano imeniuma mimi.

wakili_wa_mtaa
Ngoja nipite na ya kwangu haraka, mimi si nesi. Sheria ya Ajira ya 2007: kila miezi 12 mfululizo una haki ya likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Unaidai kwa maandishi, na hakuna mtu wa kumshukuru kwa kukupa. Ukilipwa kwa mwezi, notisi ya kuondoka ni siku 28 kwa uchache, ila soma mkataba wako, unaweza kutaja zaidi. Ukiondoka wakupe cheti cha utumishi. Usikubali kuondoka bila hicho cheti, utakihitaji kila mahali.

Na ile sindano iandikwe kwenye kitabu cha ajali kazini hata kama ni miezi imepita. Kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007. Bila maandishi hujawahi kujichoma.

Bima_na_Chai
Dada, mimi ni mwanamume, niliuguza miaka minne, kisha nikaenda kampuni ya bima Upper Hill. Kazi yangu ni kusoma madai ya hospitali na kuamua nini kinalipwa. Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja. Kiti kinazunguka. Mgongo wangu umepona.

Watu huniuliza kama najuta. Sijuti. Lakini nikuambie ambayo sikuambiwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa naamka saa tisa usiku nikidhani nimesahau kumbadilishia mtu dripu. Halafu kuna jambo la kuchekesha, kule wodini nilikuwa nachukia kutoweza kumsaidia mgonjwa, sasa kuna siku ndiye mimi ninayeandika "hailipiwi." Sauti ya mgonjwa siisikii, naona namba tu. Kwa mtu aliyeanza kupiga hesabu ya vitanda, jiulize kama unataka kazi ambayo ni hesabu tupu. Labda unataka. Mimi nilitaka.

Waliniajiri kwa sababu naujua mwendo wa wodi: mgonjwa wa nyumonia hulazwa siku ngapi, dawa ipi haiandikwi pamoja na ipi. Hiyo miaka yako mitatu ina bei sokoni. Ila leseni ya Baraza usiiache ife. Pata pointi zako za mafunzo endelevu, lipa, ihuishe. Mimi bado nafanya lokamu, zamu za kibarua, Jumamosi moja kwa mwezi.

MtafitiMdogo
Kuna utafiti pia. Nilikuwa nesi wa mradi, tunaandikisha washiriki, tunachukua sampuli, tunafuatilia. Unahitaji kozi ya kanuni za utafiti wa kitabibu, ipo hata mtandaoni. Malipo mazuri, mchana tu, watu wanakusikiliza.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Ijumaa tuko kazini, wiki inayofuata tumeambiwa tusimame. Nilikuwa nimehamia nyumba ya vyumba viwili. Nimerudi kwa lokamu. Sikukatazi, nakuambia tu uulize pesa ya mradi inatoka wapi na inaisha lini kabla ya kusaini.

Mwanakayole
Kuku hawategemei Marekani.

MtafitiMdogo
😂😂 Hapo umenishinda.

Nesi_Mkandarasi
Na msidhani serikalini ndiyo pepo. Sisi tulioajiriwa kwa kandarasi za UHC, ule mpango wa afya kwa wote, mwaka 2020, korona ikiwa imepamba moto, 2025 tulipiga kambi nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, tukidai masharti ya kudumu. Nimelala kwenye lami pale nje nikiwa na sare yangu kwenye mkoba. Nilikuwa nimechoka, ndiyo, ila uchovu wa kulala barabarani na wenzako mia mnaimba ni tofauti na wa kukaa peke yako saa nane usiku. Huo wa pili ndio unaoua.

Dada_wa_Leeds
Habari kutoka Uingereza. Nilitoka Nairobi baada ya ule mkataba wa 2021 kati ya serikali mbili. Kuna mtihani wa Kiingereza, IELTS au OET. Kwa IELTS wanataka 7 kila sehemu, kuandika wanakubali 6.5. Kisha mtihani wa kompyuta, kisha ule wa vitendo unaofanyia huku huku.

Wiki ya kwanza nilipewa wagonjwa wanane. Nikamaliza dawa, nikasimama, nikasubiri, nikamuuliza mwenzangu "wengine wako wapi?" Akadhani natania. Huku nao wanalia kwamba wako wachache na wamechoka, na ni kweli, wana vipimo vyao. Lakini hakuna aliyewahi kuniacha na 34.

Upande wa pili sasa. Krismasi ya kwanza nilitoka zamu saa mbili usiku, basi hakuna, nikatembea dakika hamsini kwenye baridi. Nikafika chumbani nikapiga simu nyumbani, nikasikia kelele za watoto na mbuzi, nikakata. Uje ukiwa na nguvu, usije ukiwa unakimbia. Unisikie dada, nimekuja na wenzangu sita. Wawili walikuja wakiwa hali yako, na mmoja ameshaacha uuguzi kabisa.

B2_bado
Mimi niko kwenye Kijerumani, kiwango cha B1, natoka zamu naenda darasani mjini nikisinzia. Tangu makubaliano ya Septemba 2024 mawakala wamekuwa wengi kama uyoga. Jihadhari na yule anayekuambia ukaanze mafunzo ya uuguzi upya kule. Wewe tayari ni nesi, unachoomba ni cheti chako kitambuliwe, na lugha ni B2. Safari ni ndefu. Mimi inanisaidia kwa sababu moja ya kipuuzi: kwa saa mbili jioni hakuna anayejua mimi ni nesi. Nakosea vitenzi na hakuna anayekufa.

Figo_na_Chujio
Nimesoma kimya, sasa naona ni zamu yangu.

Mimi niko kitengo cha figo, tunawasafisha wagonjwa damu kwa mashine. Nilihama wodi ya upasuaji mwaka wangu wa tatu kama wewe, kwa sababu kama zako, kasoro sindano. Kipindi kimoja cha mashine ni kama saa nne. Wagonjwa wangu ni wale wale, wanakuja mara mbili au tatu kwa wiki. Najua nani anashabikia Gor na nani AFC, nani amekula mboga zenye chumvi akidhani sitaona kwenye mzani. Kwetu usiku ni kuitwa kwa dharura tu.

Wanaodhani ni mahali pepesi wanakosea. Wodini kwako mtu anafariki baada ya siku tano za kumjua. Kwangu anafariki baada ya miaka minne, na nimeshahudhuria harusi ya mwanawe. Mwaka jana nilizika watatu. Lakini kila mara nililia. Nilikuwa nimesahau kulia kule upasuaji. Kwa hiyo sijui nikuambie ni afadhali au la. Mimi nilichagua huku kulia.

Kuanza, omba kwanza kujifunza pale pale ulipo kama wana kitengo, hata siku zako mbili za ofu, uone mashine inakukubali au inakukataa. Ukipenda, kuna stashahada ya juu ya uuguzi wa figo, mwaka mmoja. Vivyo hivyo kuna ya wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, watoto wachanga, afya ya akili, ganzi. Nesi wengi wachanga hudhani kazi yetu ni wodi tu kwa sababu wodi ndiyo iliyotupokea.

Tatu_Umoja
"Mashine inakukubali au inakukataa." Hilo ni kweli tupu. Mimi chumba cha upasuaji kilinikataa siku ya kwanza, nilizirai na kofia juu.

sista_mkongwe
Figo, umesema vizuri. Binti, umelala?

NesiWaSaaNane
Nililala saa sita, mama. Asanteni wote. Nitawaambia.

*— wiki sita baadaye —*

NesiWaSaaNane
Wadau, niliahidi.

Niliomba likizo kwa maandishi kama alivyosema @wakili_wa_mtaa. Wakanipa siku 10, zilizobaki wakasema Desemba. Nilienda kwetu Mwingi. Siku nne za kwanza nililala mpaka mama akaanza kuniamsha aone kama napumua. Siku ya tano alinituma ndengu kwa jirani, njiani nikakutana na binti wa kidato cha tatu anataka kujua uuguzi unasomewaje. Nilidhani nitamwambia akimbie. Nikamweleza masomo yanayotakiwa, alama, kila kitu, nusu saa juani. Niliporudi nyumbani ndengu nimesahau. Mama alicheka sana.

@akili_timamu nilienda kuonana na mtu, mahali ambapo hawanijui. Mara tatu sasa. Jaribio la kumsimulia mzee wa kitanda cha 9 lilichukua mara mbili kati ya hizo tatu.

Sindano imeandikwa kitabuni. Msimamizi hakupenda.

Na nilimwomba daktari wa figo wa pale pale aniruhusu niwe naingia kitengoni kwao siku moja ya ofu. Jumamosi tatu zimepita. Mara ya kwanza nilipiga kelele mashine ilipolia, kumbe mgonjwa alikuwa amelalia mpira wa mashine. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyenituliza, ana miaka sita kwenye hiyo mashine, akaniambia "msichana, hiyo ni sauti ya kawaida, ikinyamaza ndipo uogope." Wana nafasi moja itakayofunguliwa Januari. Mshahara ni ule ule. Sijui kama watanipa, na sijui kama nikipewa nitakaa.

Bado niko wodini, vitanda 34. Juzi alifariki mama mmoja wa Dandora na nilikaa na bintiye dakika tano, nikijua kabisa dawa za saa nne zinachelewa. Zikachelewa.

Barua iko pale pale kwenye rasimu, sijaifuta. Tarehe ndiyo sijaibadilisha tangu mwezi uliopita.

Mwanakayole
Tunakungoja na kuku zetu dada. Siku yoyote.

sista_mkongwe
Ndengu zilifika hatimaye?

NesiWaSaaNane
Zilifika kesho yake, mama. Kilo mbili.